Mfuniko wa Sufuria

Jumapili, Ipagala

Na bado walicheka. Shemeji yangu Hamisi alinijia kwa nyuma nikiwa napakua wali, akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni kwa makusudi. Nikapiga kelele, nikajikojolea mbele ya wageni.

"Si unaenda kwa mshauri kila wiki?" akasema. "Mbona huponi?"

Mshauri ameniambia huu si wazimu. Mwili bado unaamini majambazi waliotuvamia wako mlangoni, na utajifunza taratibu kwamba wameondoka. Nikafanya alivyonifundisha: nikakanyaga sakafu kwa nguvu, nikapumua polepole. Hofu ikapungua, nikaenda kubadili nguo. Zamani ningelala na hofu ile hadi asubuhi.

Aliyecheka zaidi ni mume wangu. Usiku ule majambazi walipokuwa wananipiga, yeye alikuwa chini ya kitanda.

Wageni walipoondoka nikamwambia mume wangu kwamba mshauri anaomba twende wote.

"Mimi si mgonjwa," akajibu.

Sasa amelala hapa kando yangu, analia usingizini. "Shikamooni, wakubwa, chukueni kila kitu." Siku zote huwa namwamsha, namtuliza.

Leo simwamshi.