Difu ya Mbele Niliiacha Huru

Jumamosi jioni, Agosti 1987

Na mafundi wenzangu walinicheka kweli asubuhi, kabla ya mashindano. Hapa Voi magari ya rimoti tunayatengeneza kama lori la mkonge: wote walifunga difu ya mbele, zile gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu, ili yote mawili yavute pamoja kwenye vumbi. Mimi niliiacha huru, kila gurudumu lizunguke kivyake, nikaitia mafuta ya cherehani ya mke wangu.

Kwenye kona ya kwanza magari yao yalikataa kugeuka, yakaingia miibani. Langu lilikata kona zote, likamaliza mbele.

Naogopa kwamba kwa mafuta mepesi hivyo gia zitalika. Lakini leo...

Mzee Mwadime, aliyenifundisha kazi, aliligeuza gari langu, akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Umetia mafuta gani, fundi?"

Miaka tisa gerejini kwake niliitwa kijana tu.