Mwanafunzi Aliyerudisha Farasi

Jumapili, Kibaha. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana.

Jana tulikuwa Kisarawe, kuanua tanga la Mwalimu Kondo. Kwa msiomjua, ndiye aliyetufundisha sataranji hapa Kibaha kila Jumamosi, na ndiye aliyeandika kitabu cha Kiswahili tulichojifunzia mchezo huo. Amefariki akiwa anaandika cha pili. Mswada umebaki chumbani kwake, na mjane wake, ambaye sote tunamwita mama, alikuwa anatafuta mtu wa kuumalizia.

Mtu huyo alikuwa ameshajitokeza.

Anaitwa Shabani. Sisi wa Kibaha hatumjui. Niliuliza kwenye kundi letu la simu, hakuna aliyewahi kumsikia. Lakini pale msibani alilia kuliko watoto wa marehemu, akawapangia wageni pa kukaa, na alijua hadi sufuria kubwa inakaa wapi. Kila aliyefika aliambiwa, "Mimi ni mwanafunzi wa Mwalimu." Nikajisemea, huyu ana lake jambo.

Mchana, wanaume walipochoshwa na karata, wakapanga kete za sataranji chini ya turubai. Nikaacha kuchambua mchele, nikasogea. Shabani akashika farasi, akamwinua, akafikiri, akamrudisha palepale. Kisha akacheza kete nyingine.

Damu ilinichemka.

Kwa Mwalimu, kete ukiigusa umeicheza. Hakuna cha samahani. Niliwahi kupoteza malkia kwa namna hiyo mbele ya wageni, naye akanitazama tu huku anakunywa chai yake. Hakuna mwanafunzi wake ambaye angemrudisha yule farasi! Nikawa na hakika kwamba huyu ni tapeli, na kwamba kitabu kitatoka na jina lake kwenye jalada.

Nikamfuata mama chumbani nikamweleza yote. Nilitegemea ashtuke. Akakaa kitandani, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mwanangu, hiyo sheria Mwalimu aliifuta mwenyewe. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Anataka kushika hii, anaangusha ile. Shabani ndiye aliyekuwa anakuja kucheza naye jioni. Akawa na yeye anagusa ovyo, makusudi, ili mzee asione haya. Sasa ameshazoea."

Sisi Mwalimu alitwambia ni goti tu linamsumbua, ndiyo maana haji tena Kibaha, na akatukataza kabisa tusimfuate. Kumbe hakutaka tuione mikono ile.

Inaniuma.

Mama akaniuliza: mimi niliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu nasemaje, ampe Shabani mswada au asimpe? Nikamwambia ampe. Nilisema haraka, kabla sijabadili mawazo.

Leo nimeamka bado simpendi. Najua si mwizi, na bado nikimkumbuka nakunja uso. Nadhani ni wivu. Siku za mwisho za Mwalimu, zile ambazo hata mimi alinificha, anazo yeye peke yake.

Namba yake ya simu ninayo. Nikimpigia, nikamwomba anisimulie, atakubali?