Blanketi la Vitenge vya Evalina

Mtaa wa Malambo,
Bariadi.
15 Juni 2025

Mpendwa Dada Apolonia,

Mwangaluka, dada. Umeamkaje huko Mtwara? Shemeji na watoto wameamkaje? Na huo mguu, uvimbe umepungua? Usinijibu sijambo ya kunifurahisha tu, niambie kweli. Sisi huku tunapumua. Nancy wangu ameota meno mawili, anang'ata kila kinachopita mbele yake. Baba Nancy ni mzima, mgonjwa ni bodaboda yake. Leo inawaka, kesho inasukumwa.

Najua simu ipo. Lakini nikikupigia naanza kulia kabla hujaitika vizuri, mpaka salio linakwisha sijasema kitu. Kwenye karatasi nikilia najifuta, halafu naendelea.

Tangu mwezi wa pili tulipomzika ndugu yetu Evalina sijazoea bado. Wewe ulikuwa kitandani na mguu wako, hukuona, kwa hiyo nikuambie. Tulimpeleka Kimali kwa wakwe zake. Mvua ilinyesha lakini watu hawakuondoka, na kwaya yake waliimba wameloa mpaka mwisho. Siku ya kumaliza msiba tukagawana nguo zake kama ilivyo desturi. Mimi nilipewa vitenge vitatu na sweta. Wewe ulitengewa kile cha zambarau chenye ndege, ninacho hapa, nimekikunja vizuri.

Anayeniumiza roho ni mwanawe, Bundala. Yupo kwangu tangu mama yake alipoletwa hapa mjini kutibiwa. Ana miaka miwili tu, atajua nini? Usingizi ukimjia mkono wake unatafuta pindo la kitenge. Akilipata anaminya, analala. Asipolipata tunakesha wote.

Ndiyo nikapata wazo la kumshonea blanketi la vipande, kama yale Sista aliyotufundisha pale parokiani, wewe ukisema yanafanana na mashamba ya majirani wasiopendana. Vitenge vya mama yake nimevikata nikaviunga, chini naweka shuka, katikati pamba. Pamba nimechukua kidogo kwenye yetu kabla haijapelekwa kuuzwa. Natoa mbegu kwa vidole, naye Bundala anazirusha uani.

Tatizo ni muda, dada. Asubuhi niko shambani nachuma pamba na Nancy mgongoni. Nikirudi ni maji, kuni, nepi, na mwezi uliopita watoto wote wawili walishikwa na malaria kwa zamu. Nashona maharage yakiwa jikoni, na yameshaungua mara nyingi tu. Baba Nancy anakula kimya, Mungu ambariki. Fundi Martha pale sokoni huniachia cherehani yake akienda kula. Akirudi ananifukuza: “Hebu toka hapo, wateja wangu hawavai mablanketi!” Halafu huyo huyo ananisukumia mkononi mabaki ya bitana.

Wiki iliyopita akaja Mama Ng'washi, bibi yake Bundala, kumchukua. Sina la kubisha. Ng'ombe wa mahari walitolewa wote, mtoto ni wa kwao, na baba yake, Mahona, yuko machimboni Geita, kwa hiyo bibi ndiye atakayemlea. Alikuta vipande vimetapakaa mkekani, akasimama mlangoni hata kukaa hataki.

“Nguo ya marehemu inavaliwa, mayu. Haikatwi. Nani kakufundisha mambo haya?”

Nikamwambia, “Mama, na huyu atavaaje kitenge cha mama yake? Ajifunge kiunoni kama bibi harusi?”

Akacheka bila kupenda. Ndipo akakaa. Akaokota kipande cha kijani, akakishika muda mrefu. “Hiki alikuwa anapalilia nacho kwangu. Nikimwambia kitaharibika, hasikii. Mbishi yule, kama punda!” Mara machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Bundala akatuangalia tu, mmoja baada ya mwingine.

Siku ile hakumchukua. Aliniambia, “Maliza kwanza. Tukishauza pamba nitamfuata. Usiku wa kwetu sasa hivi una baridi.”

Tangu hapo, dada, kila nikifunga mshono naona namsogeza Kimali. Kuna siku niliiweka sindano chini makusudi, nikajifanya nina kazi nyingine. Baadaye nikajiona mjinga. Atakayepata baridi ni yeye, siyo mimi. Nikaichukua tena.

Na jana alianguka pale kisimani, akaita “mama”, akanikimbilia mimi. Nilimbeba. Sikujua nifurahi au nilie, nikafanya vyote.

Sasa kimebaki kipande cha katikati. Kile kitenge chako kingefaa sana, lakini ni chako, sikitii mkasi mpaka useme mwenyewe. Ukikataa sitanuna, nitakata gauni langu.

Ombi lingine ni kubwa zaidi. Mguu ukikuruhusu, njoo mwezi wa nane. Nimemtumia Mama Ng'washi ujumbe kwamba asije kumfuata, tutampeleka wenyewe. Sitaki mtoto aondoke hapa kama mtu aliyenyang'anywa. Asindikizwe na mama yake mkubwa na mama yake mdogo, mmoja mkono huu, mwingine huu. Tumuoneshe alipolala mama yake, na wewe upaone, kisha tumkabidhi kwa bibi yake kwa heshima. Mama Ng'washi ni mtu mwema, nimemwona, atamlea. Na Kimali siyo mbali, nitakuwa naenda.

Ila peke yangu naogopa, dada. Naogopa nitageuka naye njiani.

Msalimie sana shemeji Januarius na wanangu wote. Baba Nancy anakusalimu, na Martha anasema ukija atakushonea gauni ambalo siyo blanketi. Mungu auguse huo mguu wako, uinuke, ukulete.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayekungoja,

Felisita (Mama Nancy)