Gari Letu Limekula Mawese ya Ipinda

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa Matema, miguu yangu imo ziwani, na kile kigari kikuukuu chenye kitanda kimesimama nyuma yangu, kizima kabisa. Nimetoka nacho Njombe kikitembea kwa mawese!

Jana pale Ipinda nilimwomba mama mmoja anayekamua mawese aniuzie ndoo. Kusikia ni ya gari, akaifunika kwa kanga. "Mwanangu, hiki ni chakula." Nikawasha injini. Akalisogelea bomba la moshi, akanusa harufu ya maandazi, akacheka mpaka akakaa chini. Akakubali kwa sharti moja: mgeni hawezi kula baada ya gari lake. Basi nikala kwanza wali na samaki wa mbasa, nikashukuru kwa lugha ya kwao, kwa "ndaga" zote nilizojaliwa.

Akauliza, "Kule Tukuyu kwenye baridi hayakuganda?" Nikamwonyesha ule mrija wa shaba unaopitisha maji ya moto ya injini ndani ya tangi. Akataka kumjua fundi. Nikamwambia ni baba yangu, yule yule aliyesema mawese ni ya kukaangia na gari hili halitavuka Tukuyu. Uligoma kunisaidia kutwa nzima, Baba. Kesho yake nikaukuta mrija umeshafungwa. Nami sikukushukuru.

Ahsante, Baba. Nakuletea ndoo nzima. Hiyo ni ya kukaangia kweli. Gari nimelikataza lisiiguse.

Mwanao akupendaye,
Eliza