Njiti Ameumwa Miguu, Tumefurahi

Chumba cha Kinyozi, Ghorofa ya Chini,
Nyuma ya Soko la Matunda.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nina hakika marahaba imekutoka kwa ile sauti yako ya kuamrisha watu, na mimi huku nimenyooka kitini bila kupenda. U hali gani? Mgongo umekuachia, au bado unabeba ndoo mbili kwa mpigo na kusingizia kwamba hukusikia ulipokatazwa? Shemeji naye anaendeleaje na zamu zake za kiwandani? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anabishana na redio mpaka anaizima.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Isitoshe, nina furaha kubwa, na ndani yake kuna jambo linalomhusu marehemu mwanao, mpwa wangu Kasuku. Kuna swali limeulizwa, na wa kulijibu ni wewe peke yako. Nataka ulisome taratibu, ukiwa umekaa. Lakini nianze na furaha.

Unakumbuka mwaka jana nilikueleza jinsi walivyomtibu binti yangu Njiti ugonjwa wa selimundu. Walitoa chembe mama za damu kwenye uboho wake, wakazihariri jeni maabarani ili zisitengeneze tena damu iliyopinda, kisha wakamrudishia. Kabla ya kumrudishia walimpa dawa kali ya kuzifagia zile za zamani, na nywele zikapukutika zote. Nilimnyoa mwenyewe pale kitandani kwa mashine yangu ya kazini. Akaniambia, "Baba, kila siku unalalamika wateja hawaji. Haya, huyu hapa." Nilicheka huku machozi yakimdondokea kichwani.

Mwaka umepita hajalazwa hata siku moja. Hata hivyo lile begi la hospitali bado tunaliweka nyuma ya mlango, limefungwa tayari: shuka, chupa ya chai, kadi yake. Miaka kumi na sita ya hofu haiondoki kwa sindano.

Basi Jumamosi asubuhi tukasikia kutoka chumbani, "Mama! Miguu! Miguu yangu!" Dada, nyumba ilipinduka. Wifi yako alinyakua begi. Mimi nilivaa shati ndani nje. Mama alitoka na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, na kimoja si chake. Jirani yetu dereva alituwahisha hospitali. Mimi moyoni nilikuwa nasema, imekwisha, dawa imeshindwa.

Yule daktari wa damu, mama mrefu mwenye miwani, alimbonyezabonyeza Njiti mapaja na mashavu ya miguu, akamtoa damu, akaenda nayo. Aliporudi alimuuliza, "Jana ulifanya nini?"

"Niliruka kamba na wenzangu shuleni."

"Kwa muda gani?"

"Tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Mpaka kamba ikakatika."

Daktari akavua miwani, akacheka. "Damu yake ni safi. Hiyo ni misuli tu. Hata mimi nikiruka kwa saa tatu, kesho mtanibeba."

Halafu wifi yako akapiga vigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Mama akamkumbatia daktari kiunoni, maana ndipo anapofikia. Mtoto wetu, ambaye hakuwahi kuruka kamba mara kumi bila kulazwa wiki, ameumwa miguu kama watu wengine wote! Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe, na sioni haya kusema.

Basi raha ikanipanda kichwani. Nikamwambia daktari, "Kwa kuwa mikono yenu imeshazoea, nitengenezeeni na wajukuu wangu kabisa, wazaliwe bila ugonjwa huu. Na mkiwa humo humo waongezeeni kimo, maana ukoo wetu hufunga pazia kwa kupanda stuli."

Alicheka, kisha akavuta kiti. Akanieleza kwamba walichorekebisha ni damu ya Njiti tu, mayai yake ya uzazi hawakuyagusa. Siku akitaka kuolewa itabidi yeye na mwenzake wapimwe, jambo ambalo wewe na mimi na wenzetu hatukulifanya. Kugusa mimba changa ni jambo jingine, akasema, kwa sababu ukikosea, kosa linarithiwa na vizazi vyote vitakavyofuata, na leo hakuna wa kukuhakikishia kwamba hutakosea. Hata Njiti mwenyewe watamchunguza kila mwaka kwa miaka kumi na mitano.

Njiti naye akadakia. "Mimi waliniuliza, Baba, nikakubali. Huyo mjukuu wako mrefu atakuwa ameulizwa na nani?"

Wateja wangu hupenda kuniuliza kama mtoto bado ni damu yetu baada ya kubadilishwa. Nimewaambia waje wamsikilize anavyojibu wakubwa, watamwona ni shangazi yake kabisa.

Sasa Dada, kaa.

Daktari alifungua faili, na safari hii hakucheka. Alisema kwenye friza ya maabara bado kuna damu na uboho wa Kasuku, uliotolewa miaka tisa iliyopita katika wiki zake za mwisho za kuumwa selimundu. Ulikuwa miongoni mwa sampuli walizojaribia marekebisho haya, kabla ya kuthubutu kumgusa mgonjwa. Karatasi uliyosaini wakati ule ilikuwa ya matibabu tu. Hakuna aliyekuomba ruhusa ya utafiti. Aliomba radhi, na barua ya hospitali ya kukuomba radhi nimeiambatanisha. Kuna fomu ya kusaini, wanataka kujua: waendelee kuutumia, wautumie kwa selimundu tu, au wauharibu.

Nakiri kosa langu. Unajua tangu Baba afariki kila karatasi ya ukoo huu huletwa kwangu, nami husaini hata kabla ya kusoma. Nilivyokuwa na furaha siku ile, nilishachukua kalamu. Njiti akaifunika fomu kwa kiganja.

"Baba," akasema, "mama yake yupo."

Niliona aibu, Dada. Nilikuwa nataka kurudia kosa lile lile ambalo daktari alikuwa ametoka kuliombea radhi. Najua nimekuletea habari nzito. Nimefurahi kwamba Kasuku wetu, mtoto asiyeishiwa maneno, alimsaidia binamu yake bila kujua. Na nina hasira kwamba hakuna aliyegonga mlango wako. Lia kwanza ukitaka, mimi nimeshalia. Fomu nimeitia humu ndani, sikuandika kitu. Hawajaweka tarehe ya mwisho, niliuliza.

Mama anakusalimu na anataka kujua kama unavaa soksi. Wifi yako anakusalimu sana, nisalimie na Shemeji na mabinti zako wawili. Jirani dereva naye ameng'ang'ania atajwe.

Njiti nilimuuliza kama ana neno kwako. Akasema, "Mwambie shangazi asikubali kwa ajili yangu. Mimi nimeshapona."

Mungu akulinde, akupe wepesi wa moyo, na akurudishe kwetu salama.

Nduguyo akupendaye, uliyemfundisha kushika mkasi,

Kinyozi.