Simu Iliyokuwa Ukutani

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kipanga,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa ukipigwa na vumbi? Nasikia mwaka mzima wa kuvuta hewa iliyochujwa humrudisha mtu uchanga, kila upepo unamlaza kitandani. Vaa sweta. Sisi hapa wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Kazini bado nakata vioo vya miwani. Tumeletewa mashine mpya inayopima macho yenyewe: mteja anaweka kidevu, inahesabu, inatoa karatasi. Yule mama aliyekuwa akipima kwa ubao wa herufi, miaka kumi na tisa, ameambiwa apumzike. Siku aliyokuja kuchukua koti lake, bosi alimtania aweke kidevu naye. Mashine ikasema macho yake ni mazuri kabisa. Hakuna aliyecheka.

Barua yako niliipata Jumanne. Unaomba nikutumie picha ya mama na ile sauti yake ya mwisho, uzitie kwenye filamu mnayotengeneza kuhusu ile nyumba ya majaribio mlimofungiwa mwaka mzima, mkiigiza maisha ya Mirihi. Umeandika mistari minane, na sita kati ya hiyo inahusu filamu.

Sitakutumia. Nisikilize kwanza kabla hujakunja uso.

Wiki mbili zilizopita tulikusikia redioni, kwenye ule mjadala kama binadamu ahamie sayari nyingine au asihamie. Nilizima mashine ya kusagia ili nisipitwe na neno. Ulizungumza vizuri, ulimi unao tangu utoto. Ulisema dunia moja haitoshi, kwamba jiwe kubwa likitushukia kutoka angani tumekwisha wote, na kwamba watakaotangulia kuishi Mirihi lazima wajifunze kwanza kufungiwa. Yule mama mtaalamu wa udongo akakujibu kwamba hawezi kutamani udongo wenye sumu, usio na hewa, wakati udongo huu uliotulea umetushinda kuutunza. Dukani watu wakagawanyika pale pale. Mzee mmoja aliyekuja kubadilisha fremu akawa upande wako. Muuza magazeti akamwambia, "Basi tangulia wewe, miwani tutakutumia." Hata mimi nilicheka.

Kisha mtangazaji akakuuliza umepoteza nini. Ukasema: "Nilimpoteza mama nikiwa ndani. Lakini alinibariki. Aliniambia nisitoke mpaka nimalize."

Bosi akanigeukia, akanipa pole. Wote wakanipa pole. Nikazipokea, nikarudi kusaga kioo, nikakiharibu.

Kipanga, mimi ndiye niliyemshikia mama simu aliposema maneno yake ya mwisho kwako.

Nianze na kosa langu. Wiki mbili za mwanzo za ugonjwa wake nilikuandikia kwamba mama ana homa ndogo tu. Yeye ndiye aliyenikataza kusema zaidi. Kila muuguzi aliyeingia na dawa alisimuliwa habari zako. "Mwanangu anajifunza kuishi kwenye sayari nyingine," alikuwa akisema, "msimsumbue na mapafu yangu." Kwa hilo nilaumu, nami nitanyamaza.

Lakini ile Jumatano, saa nne asubuhi, daktari alipotuambia tuite watu, mama alibadilika. Aliomba simu, nikamwekea mdomoni ajirekodi. Alisema akipumzika kila baada ya maneno mawili: "Mwanangu, nimekusikia redioni mara nyingi. Sasa na wewe nisikie mimi. Toka uje." Hakuongeza neno.

Nikautuma ujumbe. Dakika ishirini na mbili za kufika kwako na ishirini na mbili za kurudi, kwa kuwa ndivyo mlivyokubaliana, muishi kana kwamba mko Mirihi kweli. Kumbe mko nyuma ya machimbo ya mawe, safari ya saa tano kwa basi! Sauti ya mama haikuwa ikikata anga, mdogo wangu. Ilikuwa imekalishwa kwenye kompyuta ya ofisi yenu, inangojeshwa.

Nikampigia msimamizi wenu, nikamwambia mgonjwa wangu hana hizo dakika. Alinijibu kwa upole: "Dada, mle ndani kuna simu ya kawaida ukutani, karibu na jiko. Nimeshamwashia taa ya dharura. Ni yeye tu ainyanyue, utamsikia papo hapo. Na mlango hatujaufunga kwa nje."

Nikangoja. Nikamkumbuka yule mwenzenu fundi umeme, aliyetoka mwezi wa tatu wa jaribio kwa sababu ya jino. Jino, Kipanga! Alitoka, likang'olewa, na hakuna aliyemwita mwoga.

Mama aliuliza mara mbili, "Amejibu?" Mara ya kwanza nilimwambia ujumbe uko njiani. Mara ya pili nilimwambia wewe ndiye uko njiani. Aligeuza uso, akauelekeza kwenye mlango wa wodi, akatulia. Akafa hivyo, anakungoja.

Jibu lako liliingia dakika sita baadaye. Muuguzi alikuwa ameshamfunika. Sauti yako ikajaa chumba kizima, changamfu kabisa: "Shikamoo mama. Jikaze mama, imebaki miezi minne tu, nikitoka nakuja kwako moja kwa moja." Muuguzi akaniuliza kama azime. Nikamwambia aache iishe.

Msimamizi aliniambia baadaye kwamba taa uliiona. Uliizima kwa mkono wako, ukajibu kwa njia ile ya kuchelewa, ili jaribio lisiharibike. Mazishi hukuja. Umetoka sasa miezi mitatu, umezunguka kumbi zote kutoa hotuba, na nyumbani kwenu hujakanyaga.

Sitaki kubishana nawe kuhusu Mirihi. Huenda mko sahihi. Mama aliamini kuliko mimi. Lakini ulivyomtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema, yeye ambaye hawezi tena kukukanusha, hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na hilo pia ningelimeza, maana nimemeza mengi yako. Kilichonikalisha kuandika ni mpwa wako. Binti yangu ametimiza miaka ishirini, na siku ile alikuwa anakusikiliza. Amejaza fomu ya kundi la pili, watakaokaa ndani mwaka na nusu. Nilimweleza yote yaliyotokea hospitalini. Akaniambia, "Mama, wewe una uchungu tu. Mjomba mwenyewe amesema bibi alimbariki."

Unaona ulipotufikisha? Ndani ya nyumba yangu mwongo ni mimi.

Simzuii. Akitaka kwenda aende, ana akili kutuzidi sote wawili. Ila aende akijua kwamba siku kama ile ikimfika, simu itakuwepo, na wa kuinyanyua ni yeye. Kwangu hatalipokea hilo. Kwako atalipokea. Usimwandikie, maana kwenye karatasi utapamba. Njoo umkalishe umwambie, hata ukitazama sakafu. Fomu anaipeleka Ijumaa.

Sauti ya mama ninayo, na binti sijamsikilizisha; sikutaka bibi yake ndiye akuumbue kabla hujasema mwenyewe. Ukija tutaisikiliza pamoja, mara moja tu, wewe na mimi na binti, na hakuna atakayepiga picha.

Shemeji yako anakusalimu. Shangazi anakusalimu pia, ingawa alinituma nikuambie maneno mengine ambayo nimeona niyaache. Mpwa wako anakuamkia shikamoo, na haya niliyoandika hayajui.

Mungu akulinde barabarani, akupe kifua kizima na moyo wa kusema kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukasirikia kwa moyo huohuo mmoja.