Mavyaa Ameniheshimu, Sasa Anataka Kuondoka

Mpendwa Shangazi Zipporah,

Nisaidie kabla sijampoteza mtu. Mimi ni Mwatima, mzaliwa wa Mombasa, naishi ughaibuni, Barking, na mume wangu Wahyu, ambaye ni Mjava wa Indonesia, na mavyaa wangu Bu Sumirah alikuja kutusaidia na mtoto wetu wa kike, na kweli alinisaidia, alinikanda, alinipikia, alinifukuza jikoni nikalale, ila shida ikawa lugha. Kijava kina ngazi, Shangazi, maneno ya chini na maneno ya heshima, hata mwanamke ni wedok kwa chini, estri kwa adabu, putri kwa kutukuza, na nilipojifunza kidogo nikagundua mama ananisemesha kwa ile ya chini kabisa, ananiita Nduk kama kitoto, huku mwanangu ambaye hata meno hana anaongeleshwa maneno ya ikulu! Mimi nimelelewa kuitika abee mkubwa akiniita, adabu naijua, basi siku hiyo nimetoka shifti kule nyumba ya wazee, miguu imevimba, nikamwambia Wahyu mbele ya mama:

"Mwambie mamako mimi si yaya humu ndani, aniheshimu."

"Mwatima, acha. Hujui unachoomba."

"Mwambie!"

Akamwambia. Tangu hapo naitwa Mbak, kama muuza duka anavyomwita mteja, nasemeshwa kile Kijava cha juu, polepole, mama akinipita anainama, lakini hanifukuzi tena jikoni, hanikandi, na sasa amemwomba mwanawe abadilishe tiketi arudi kwao mapema. Heshima nimepewa, mbona nalia? Nimekosea wapi?

Mwatima, Barking

Mwatima mwanangu,

Pole kwa uchovu, lakini kisu kilichokukata umekinoa mwenyewe. Nimemuuliza jirani yangu wa hapa Thornton Heath, mama wa Kijava. Akacheka kwanza, kisha akasikitika. Nduk ndivyo mama amwitavyo binti aliyemzaa. Maneno ya chini ni ya watu wa ndani, ya juu ni ya mkubwa au mgeni. Wewe si mkubwa wake. Kwa hivyo alielewa umeomba ugeni, naye akakupa, tena kwa adabu zote. Mama yako mzazi akianza kukuambia, "Mheshimiwa Mwatima, karibu chakula," utafurahi, au utauliza umemkosea nini?

Na lile la mtoto ndilo lililonikera. Umemwonea wivu mwanao bure! Bibi yake anamtilia maneno ya adabu masikioni mapema ili akianza kusema ajue kukusemesha wewe, mama yake. Heshima unayoidai ilikuwa inapikwa nyumbani kwako, nawe umemfukuza mpishi.

Sasa sikia. Usimtume Wahyu, mdomo uliovunja ndio utakaounga. Yeye akufundishe tu kusema "nyuwun pangapunten, Bu", yaani naomba radhi, mama, kwa lugha ya juu, maana hiyo ni yako kumpa mama, si ya kumdai. Na umwambie mumeo nimemsema: alijua haya yote, hakukueleza, akakuacha ujikwae.

Ingia jikoni leo. Mpakatishe mama mjukuu wake, omba radhi, kisha mwombe akuite kama zamani. Akinyamaza, usitoke, shika kisu umenye vitunguu naye.

Na likimtoka lile Nduk, itika "Abee!" Hiyo haihitaji mkalimani.

Shangazi Zipporah